Anga ya Ngorongoro na Macho ya Watu wa Vita

Wairaqw wa Karatu walijua kujificha kabla ndege haijaruka popote duniani. Nyumba zao za zamani zilichimbwa ndani ya mteremko wa kilima, paa likafunikwa udongo, majani yakaota juu yake, na mvamizi aliyekuja kutafuta ng'ombe aliweza kupita hatua chache kutoka mlangoni asijue kama kuna watu chini yake. Zilijengwa hivyo kwa sababu ya vita vya kugombea mifugo, hasa na Wamasai. Mfano wa nyumba hizo bado huonyeshwa wageni wanaopita Karatu kwenda Ngorongoro, na waongozaji huutumia kuelezea mila. Mimi naona unafaa zaidi kuelezea ndege za kivita.

Tukimtaja rubani wa vita, mawazo hukimbilia kwenye risasi na mabomu. Lakini ukifuatilia yaliyowapata waliorushwa vitani, utaona saa zao nyingi angani ziliishia katika kutafuta. Walimtafuta adui, wakatafuta uwanja wa kutua, wakawatafuta wenzao mawinguni. Na waliokuwa chini nao walikodoa macho juu wakijiuliza ile ndege inayokuja ni ya nani. Katika Afrika Mashariki, ambako vita vikubwa vitatu vilifika hadi angani ndani ya karne moja, shida hiyo ya kuona na kutambua iliamua mambo mengi kuliko ushujaa wa rubani au ubora wa injini.

Chukua anga ya hapa hapa. Mji wa Karatu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukipita geti la Loduare barabara inapanda msituni hadi ukingo wa kreta, mita 2,300 hivi, halafu ardhi inakatika ghafla mita 600 hadi sakafuni. Asubuhi ukingo wote unaweza kumezwa na ukungu wakati Karatu kuna jua. Mchana joto likipanda hewa inakuwa nyepesi, na hewa nyepesi hainyanyui bawa vizuri wala haiitoshelezi injini ya kawaida. Ndege hukimbia mwendo mrefu zaidi kabla ya kuacha ardhi, kisha hupanda kwa uvivu. Marubani wanaoleta watalii kwenye uwanja wa Manyara, ule ulio juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, wanayajua haya kwa hesabu. Wenzao wa mwaka 1916 waliyajua kwa kuanguka.

Tuanzie Rufiji, kwa sababu huko ndiko ndege ilikofanya kazi yake ya kwanza ya maana katika vita vya nchi hii. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza Pegasus bandarini Zanzibar, halafu ikatoweka. Ilikuwa imejichimbia katika delta ya Rufiji, ndani ya mikono ya mto iliyofunikwa mikoko, mahali ambapo meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia na mtu aliye baharini hakuweza kuona chochote zaidi ya ukuta wa majani. Aliyeiona kutoka juu mwezi Novemba alikuwa rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekodiwa Afrika Kusini pamoja na ndege yake ya kutua majini. Desemba ndege ilimwangusha mtoni akatekwa.

Mwaka uliofuata Waingereza walileta ndege nyingine na kuzirusha kutoka kisiwa cha Mafia, walichokuwa wamekiteka. Hali ya pwani iliwatesa mafundi kuliko ilivyowatesa marubani. Ndege za wakati huo zilikuwa mbao, kitambaa, waya na gundi. Joto na unyevunyevu vililegeza gundi, propela zikapinda, na injini iliyosifiwa Ulaya ikashindwa kuipandisha ndege kwa urefu uliotakiwa. Fundi aliyekesha akigundisha upya mbavu za bawa hakuandikwa sana vitabuni, ingawa bila yeye hakuna aliyeruka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kupiga mizinga juu ya mikoko kuelekea shabaha ambayo wapigaji hawakuiona kabisa. Angani alizunguka rubani akiwa na mtazamaji mwenye mtambo mdogo wa simu ya upepo. Kila kombora lilipoanguka, mtazamaji aligonga herufi chache: fupi, refu, kushoto, kulia. Chini wakasahihisha, wakapiga tena. Tarehe 6 Julai 1915 walipiga makombora mamia na kupata machache tu. Tarehe 11 Julai rubani John Cull na mtazamaji wake Arnold ndio waliokuwa juu makombora yalipoanza kuikaribia Königsberg, na wakati huo huo ndege yao ikapigwa na injini ikafa. Walianza kuteleza kuelekea mtoni. Arnold hakuacha kugonga herufi. Alikuwa anajua wataanguka, hajui wataangukia wapi, na bado akatuma masahihisho yaliyoyasogeza makombora hadi katikati ya meli. Ndege ilipinduka majini, wote wawili wakaokolewa na mashua ya Mersey, na Wajerumani wakaizamisha wenyewe meli yao iliyokwisha haribika.

Arnold hakufyatua risasi hata moja, na sijui askari gani wa vita ile aliyefanya zaidi yake katika dakika chache hizo. Lakini Wajerumani nao hawakukata tamaa. Waliing'oa mizinga kumi ya Königsberg, wakaikokota nchi kavu, na mmoja ukanguruma Kondoa Irangi mwaka 1916, kusini mwa nyanda hizi za kwetu. Meli isiyofichika ilikuwa imegeuka kuwa mizinga iliyofichika, kila mmoja chini ya mti wake.

Na hapo ndipo ndege iliposhindwa. Mwanzoni mwa 1916 kikosi namba 26 cha jeshi la anga la Uingereza, chenye watu wengi wa Afrika Kusini, kiliteremka Mombasa na kuweka kambi Mbuyuni, upande wa Kenya karibu na Taveta, ili kumsaidia Jenerali Smuts, aliyeongoza majeshi ya Waingereza, kumsaka Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Kikafuata jeshi kushuka bonde la Pangani na kuendelea kusini. Marubani waliozoea kusikia habari za Ufaransa, ambako mahandaki yalionekana kutoka juu kama mistari iliyochorwa, walijikuta juu ya vichaka visivyo na mwisho. Askari wa Lettow walitembea usiku, walizima moto mapema, na waliposikia mlio wa injini walikaa kimya chini ya miti. Rubani aliporudi na kusema kwamba njia ni nyeupe, jemadari hakuwa na namna ya kujua kama adui hayupo au yuko pale pale akiwatazama. Malaria nayo ilikuwa ikipunguza idadi ya waliokuwa na nguvu ya kuruka.

Wajerumani walikuwa karibu hawana ndege kabisa. Bruno Büchner, aliyekuja Dar es Salaam kabla tu ya vita kuwaonyesha watu maajabu ya kuruka, aliitumia ndege yake ya maonyesho kwa upelelezi mpaka ikaharibika. Kisha kuna kisa cha L59, ambacho siwezi kukiacha. Tarehe 21 Novemba 1917 puto kubwa la kijeshi liliondoka Jamboli, Bulgaria, likiwa na tani 15 hivi za dawa, risasi na vifaa, liende hadi kwa Lettow na lisirudi, kwani hata kitambaa chake kilikusudiwa kushonwa mahema. Lilifika karibu na Khartoum likaamriwa kugeuka, likarudi Jamboli baada ya saa 95 angani na mwendo wa kilomita zaidi ya 6,700. Watu wake walipita juu ya jangwa wakigandishwa na baridi ya usiku na kurushwa na joto la mchana, wakaona mto Nile kwa macho yao, na mwishowe hawakumpelekea mtu yeyote hata kidonge kimoja cha kwinini.

Vita vilipokwisha walibaki watu waliojua kuruka na kutazama chini, lakini hawakuwa na vita. Mmoja wao alikuja huku. Ernst Udet alikuwa ameangusha ndege 62, wa pili kwa Wajerumani wote baada ya Richthofen. Kati ya 1930 na 1931 aliletwa na watengeneza filamu kaskazini mwa Tanganyika, upande wa Ziwa Manyara na Serengeti, kurusha ndege ndogo juu ya makundi ya wanyama. Mbinu ilikuwa ile ile ya kuwashambulia askari barabarani: kushuka chini sana, kutokea nyuma ya kilima, kupita kabla hawajatawanyika. Simba jike mmoja alikataa kutawanyika, akairukia ndege ya mwenzake Udet na kuichana bawa. Wakati wa kurudi Ulaya Udet alikwama katika mabwawa ya Sudan, akaokolewa na Tom Campbell Black, rubani wa Wilson Airways ya Nairobi. Mjerumani na Mwingereza, waliokuwa pande mbili za vita vilivyokwisha miaka kumi na kitu nyuma, walikutana topeni bila ugomvi. Baadaye Udet aliingia katika jeshi la anga la Hitler, akapigania sana ndege za kudondosha mabomu kwa kupiga mbizi kutoka juu, akashindwa kazi ya ofisini, na akajiua tarehe 17 Novemba 1941. Serikali yake ilitangaza kwamba amekufa akijaribu silaha mpya.

Septemba 1939 vita vya pili vilifika Oldeani, juu kidogo ya Karatu, bila ndege yoyote kuonekana. Walowezi wa Kijerumani waliokuwa na mashamba ya kahawa kwenye miteremko ile walikamatwa, na mali zao zikawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Dar es Salaam mmoja wa vijana waliopewa bunduki na kikosi cha askari ili kuwazuia Wajerumani wasitoroke alikuwa karani wa kampuni ya mafuta ya Shell, Roald Dahl, baadaye mwandishi maarufu wa vitabu vya watoto. Miezi miwili baadaye alikwenda Nairobi kujiandikisha jeshi la anga. Kwa simulizi yake katika kitabu alichotoa mwaka 1986, walikuwa vijana 16 waliojifunza pamoja kuruka juu ya mbuga za Kenya, na vita vilipokwisha 13 walikuwa wamekufa.

Dahl mwenyewe nusura awe wa 14, na si kwa sababu ya adui. Tarehe 19 Septemba 1940 alitumwa kupeleka ndege kwenye uwanja wa jangwani nchini Misri. Kwa maelezo yake alielekezwa mahali ambapo uwanja haukuwepo. Jua likazama, mafuta yakaisha, akajaribu kutua mchangani akagonga jiwe. Fuvu lilipasuka, akawa kipofu kwa wiki kadhaa. Miezi saba baadaye alikuwa angani Ugiriki, akipigana juu ya Athens, na baadaye mwaka huo huo maumivu ya kichwa yakamwachisha kuruka vitani.

Watanganyika wengi waliokwenda vitani walikwenda kwa miguu, katika KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Kwao ndege ilikuwa na sura nyingine kabisa. Kati ya Julai na Desemba 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, iliteremka bonde la Kabaw huko Burma katikati ya masika, ikiwafukuza Wajapani hadi Kalewa. Barabara ilikuwa tope lililomeza malori, hivyo chakula, risasi na dawa vilidondoshwa na ndege za Dakota. Rubani alishuka chini ya mawingu katikati ya vilima asivyoviona, akatafuta moshi au vitambaa vilivyotandazwa chini, na watu wake wakasukuma magunia mlangoni. Unga na mchele havikupewa mwavuli. Gunia liliwekwa ndani ya gunia jingine kubwa zaidi ili la ndani likipasuka la nje lizuie. Gunia la namna hiyo likikuangukia linakuua sawasawa na bomu. Mawingu yasipofunguka, askari walilala njaa huku wakiisikia ndege ikizunguka juu yao, ikiwatafuta. Sijui kama kuna upweke mkubwa wa vita kuliko huo, wa pande mbili za jeshi moja zinazosikiana bila kuonana.

Uingereza kwenyewe walikuwa wamegundua mapema kwamba shida hii haitatuliwi na macho peke yake. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya kutangaza vita, ndege zao aina ya Spitfire ziliangusha Hurricane mbili za kwao mashariki ya London, na rubani mmoja akafa. Rada ilikuwa imetoa taarifa ya uongo, hofu ikamaliza. Baada ya hapo walitia nguvu katika mfumo ambao ndani yake wanawake walikuwa uti wa mgongo. Wanawake wa jeshi la anga, waliofika zaidi ya 180,000 mwaka 1943, waliendesha mitambo ya rada, wakapokea simu za wachunguzi, wakasogeza vibao juu ya meza kubwa yenye ramani, kila kibao ni kundi la ndege, kila rangi ni dakika zake. Ndege za Waingereza zilifungwa kifaa kilichoijibu rada kwa ishara maalumu: mimi ni wenu. Katika vyumba hivyo kulikuwa na wasichana wa miaka 19 waliosikia kwenye redio sauti ya kijana waliyemfahamu ikikatika, na mkono ukaendelea kusogeza kibao kwa sababu dakika iliyofuata ilikuwa na ndege nyingine. Vita vya wanawake hao vilipiganwa mezani, lakini bila ile meza Spitfire ilikuwa mtu mwenye bunduki gizani.

Baada ya 1945 ujuzi huo wa kutazama kutoka juu ulihamia kwenye ramani na wanyama. Ndege za Lancaster, zilizotengenezwa kubomoa miji ya Ujerumani, zilifungwa kamera na kuletwa Afrika kupiga picha za ardhi kwa ajili ya ramani za makoloni. Na mwanzoni mwa 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walianza kuhesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo ya Dornier waliyoipaka mistari ya pundamilia. Walipita kwa mistari iliyopangwa, mmoja akirusha, wengine wakihesabu madirishani, namna ambayo mtazamaji yeyote wa kijeshi angeielewa. Walitangaza nyumbu 99,481. Hesabu iliyofuata mwaka 1961, iliyosaidiwa na picha, ilipita 220,000.

Tofauti hiyo inafundisha. Wanyama waliongezeka kweli miaka hiyo, maana sotoka ilikuwa inadhibitiwa, lakini si mara mbili na zaidi ndani ya miaka mitatu. Macho yanayopita kasi juu ya kundi kubwa hupunguza. Basi ukisoma ripoti ya rubani wa 1916 kwamba ameona askari hamsini barabarani, kumbuka kwamba hata nyumbu, asiyejificha, aliwachanganya wasomi wenye muda na penseli. Nami naongeza jambo moja: miaka ile ile ya kuhesabu kutoka juu ndiyo iliyochora mpaka wa 1959 uliowatoa Wamasai Serengeti na kuunda Hifadhi ya Ngorongoro. Kutoka angani boma la mfugaji huonekana kama duara dogo la mavi, na ni rahisi kulihamisha kwa penseli. Michael Grzimek hakuuona mwaka huo ukiisha. Tarehe 10 Januari 1959 tumbusi aligonga bawa la ndege yake. Akazikwa ukingoni mwa kreta, na majivu ya baba yake yakaletwa hapo baada ya kifo chake mwaka 1987.

Vita vya tatu ni vyetu wenyewe, vya Tanzania na Uganda. Jeshi la anga la Tanzania lilizaliwa kwa kuhamahama. Ujerumani Magharibi ilianza kulifundisha mwaka 1964 ikajitoa mapema 1965, ilipokasirishwa na Tanzania kuiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ofisi ya kibalozi nchini. Kanada ikachukua nafasi, ikaleta ndege za usafiri na walimu. Kisha China ikaleta ndege za kivita, ikafundisha marubani na kujenga kambi ya Ngerengere. Kufikia 1978 kulikuwa na vijana wa Kitanzania waliojua kurusha MiG na nakala zake za Kichina. Uganda ya Idi Amin nayo ilikuwa na MiG, ingawa kikosi chake kilikuwa bado kinauguza pigo la 4 Julai 1976, makomandoo wa Israeli walipochoma ndege zake kadhaa pale Entebbe.

Oktoba 1978 ndege za Uganda zilipiga Bukoba. Kutoka Entebbe hadi Bukoba ni kama kilomita 170 juu ya ziwa. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa ni dakika kumi na moja. Mabomu yaliharibu kidogo, lakini mshindo uliogonga vilima na kurudi ulivunja vioo na kuwafanya watu wakimbilie migombani. Ukiangalia matokeo ya kijeshi utasema ni kazi bure. Ukimuuliza mama aliyebeba mtoto siku ile atakueleza vingine, na wote wawili mko sahihi. Tarehe 30 Oktoba majeshi ya Amin yalivuka mpaka. Ndege zake zikajaribu kulivunja daraja la Kyaka, kitu kisichojificha wala kuhama, zikashindwa. Daraja lilivunjwa tarehe 3 Novemba kwa baruti zilizotegwa na watu waliosimama juu yake.

Huku Karatu anga ilikuwa tulivu. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, magari ya watalii kutoka Nairobi hayakuja tena. Hatari ilikuwa upande wa pili wa Serengeti, kando ya ziwa, ambako Musoma na Mwanza zilisubiri zamu yao ya kupigwa. Na ni Musoma ambako lilitokea jambo chungu kuliko yote ya vita vile vya angani: mwanzoni mwa vita wapiga mizinga ya kutungulia ndege wa Tanzania wenyewe waliziangusha ndege tatu za kivita za Tanzania.

Ni rahisi kuwalaumu. Jaribu kwanza kusimama pale. Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa hukata mita 250 kila sekunde. Ukiiona ikiwa kilomita tano mbali, una sekunde ishirini kabla haijafika juu ya kichwa chako, na katika hizo lazima uelekeze mzinga, ukadirie mwendo, upate amri. Umesikia Bukoba imepigwa. Umesikia kwamba adui ana MiG. Inayokuja ni MiG, kwa sababu na ya kwenu ni MiG: umbo moja, bawa moja, mlio mmoja, na rangi za ubavuni hazisomeki kwa kasi hiyo dhidi ya jua. Kutoka Mwanza hadi Musoma ni mwendo wa dakika kumi hivi. Rubani akipotea kidogo kando ya ziwa, atatokea juu ya watu wasiomtegemea. Kinachoweza kumwokoa ni simu iliyopigwa mapema, na mtu aliyeipokea, na mwingine aliyekimbia kuipeleka hadi kwenye mzinga. Ile meza yenye ramani na vibao, ambayo Waingereza waliilipia kwa damu ya watu wao mwaka 1939, ndiyo iliyokosekana. Rubani aliyekaa ndani ya ile MiG alikuwa amefundishwa miaka kadhaa nchi ya mbali, na mpiga mzinga alikuwa amefundishwa kutosita. Kila mmoja alifanya alichofundishwa.

Silaha nyingine ya wakati huo iliongeza utata. Tanzania ilikuwa na makombora ya kubeba begani, ambayo askari mmoja aliweza kuyafyatua akiwa amepiga goti kwenye majani, na yaliangusha ndege kadhaa za Uganda. Kombora hilo hufuata joto la injini, na joto halina bendera. Kuanzia hapo marubani wa Amin hawakupenda tena kushuka chini, na bomu linalodondoshwa kutoka juu sana mara nyingi humaliza nguvu zake kichakani.

Mwishoni mwa Machi 1979, Tanzania ikiwa imekwisha ingia ndani ya Uganda, Gaddafi wa Libya, aliyekuwa akimsaidia Amin, aliitaka Dar es Salaam iondoe majeshi yake, kisha akatuma ndege kubwa ya mabomu aina ya Tu-22 kwenda Mwanza. Shabaha, kwa maelezo yanayokubalika, ilikuwa bohari la mafuta. Mabomu yaliangukia kwenye hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964, yakaua swala kadhaa. Watu walicheka, na wana haki ya kucheka, lakini tazama umbali: kutoka Saanane hadi mitaa ya Mwanza ni upana mdogo wa maji. Kwa ndege ya kasi ile hiyo ni sekunde mbili tatu za kuchelewa kufungua mlango wa mabomu. Swala walikufa kwa kosa ambalo lingewaua watu. Marubani wa Tanzania walijibu kwa kupiga maeneo ya Uganda, yakiwemo ya Kampala na Jinja, na vita vya angani vikawa kwa mara ya kwanza vinakwenda upande mmoja.

Entebbe ilimalizwa kwa njia nyingine. Askari wa Tanzania walipofika kwenye vilima vya Mpigi waliweza kuiona rasi yote ya Entebbe kwa darubini, pamoja na ndege zilizokuwa zikitua na kuruka zikileta na kuondoa Walibya. Hawakuhitaji rubani kuwaambia kilichopo. Waliipiga kwa mizinga ya masafa marefu, kisha tarehe 7 Aprili 1979 askari wa miguu wakaingia uwanjani. Ndege ya usafiri ya Libya iliyojaribu kuruka na watu waliokuwa wakitoroka ilipigwa kwa roketi ya begani ikiwa bado kwenye njia ya kurukia. Mamia ya wanajeshi wa anga wa Uganda, mafundi na marubani pamoja, walijisalimisha, na baadhi ya MiG zao zikapelekwa Mwanza.